Mwenzio Akinyolewa

Machi 5, 2023, huko Bahrain, Esteban Ocon wa Alpine alisimamisha gari nje ya kisanduku kilichochorwa penye mstari wa kuanzia. Akaadhibiwa sekunde 5. Alipoingia kwa mafundi kuitumikia adhabu, wakaanza kazi kabla muda haujaisha, zikaongezwa 10. Timu zote za Formula 1 ziliona.

Wiki mbili baadaye, Machi 19, mbio zilikuwa Jeddah, kando ya Bahari ya Shamu. Fernando Alonso wa Aston Martin alianza wa pili, akachomoka na kushika uongozi. Kumbe gari lake lilisimama kushoto mno kwenye kisanduku: sekunde 5. Alipokuwa akizitumikia, jeki ya nyuma ikagusa gari mapema. Alimaliza wa tatu, akapanda jukwaani kwa mara ya 100 maishani, kisha waamuzi wakamwongezea sekunde 10 na nafasi akapewa George Russell.

Aston Martin wakaomba uamuzi upitiwe upya. Wakaleta video za timu zilizowahi kugusa gari kwa jeki zisiadhibiwe, na Alonso akarudishiwa nafasi ya tatu. Zile 5 za kwanza zilibaki palepale, maana rangi kwenye lami haibishaniwi.

Wewe mwenye Camaro au Mustang ya zamani, uwe Riyadh au Jeddah, unayetamani mbio fupi za njia iliyonyooka, zako tia maji. Ule mdomo wa kuvutia hewa juu ya boneti uliruhusiwa miaka mingi katika daraja la Pro Stock la NHRA, chama cha mbio hizo huko Marekani. Msimu wa 2016 injini zikatakiwa kutumia mfumo wa elektroniki wa kupulizia mafuta, na mdomo ukapigwa marufuku. Boneti halali ya 2015 ikawa ya kutundikwa ukutani.

Basi soma kanuni za daraja lako, za mwaka huu, kabla hujanunua kipande. Penye kipimo, pima mwenyewe kabla ya mkaguzi. Penye maneno yanayoweza kusomwa namna mbili, muulize mapema, na jibu liwe la maandishi. Alonso alitetewa baada ya mbio. Anayekataliwa kwenye ukaguzi hafiki hata mstarini.