Yaliyopita Ni Ndwele

Wanangu vijana wa usharika,

Mwezi ujao mnasafiri kwenda Ujerumani, wageni wa usharika rafiki. Habari za viza na makoti mmekwisha kuelezwa. Mimi mzee wenu nimebaki na neno moja, nimeliandika mlisome ndani ya ndege, maana kikaoni mngesinzia.

Kwenye ratiba nimeona mtafika Görlitz. Ni mji wa mpakani, umepitiwa na mto Neisse: huku Ujerumani, ng'ambo Poland. Kuna daraja la waenda kwa miguu. Mtavuka, mtanunua mkate, mtarudi. Msilivuke kama mnavyovuka kijito cha nyumbani. Daraja la zamani la pale lililipuliwa vita vilipokuwa vinaisha, mwaka 1945, na hili la sasa likajengwa mwaka 2004.

Sisi tuna msemo: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nimeutumia sana katika kusuluhisha watu, na nakiri kwenu kwamba mara nyingi niliutumia kumnyamazisha aliyeumizwa ili kikao kiishe mapema. Habari za mto ule zimenifundisha kwamba yaliyopita ni ndwele, tena ndwele isiyogangwa hurithiwa.

Msidhani waliouana kule walikuwa watu wasiomjua Mungu. Askari wa Hitler walivaa mikanda ambayo bizimu zake ziliandikwa kwamba Mungu yu pamoja nao. Poland ilipoteza raia wapatao milioni 6, karibu nusu yao Wayahudi. Vita vilipoisha mpaka ukasogezwa magharibi, na mamilioni ya Wajerumani wakafukuzwa makwao. Kila upande ulikuwa na makaburi yake ya kulilia, na kila upande ulitaka mwenzake aanze kusema.

Oktoba 1965 Waprotestanti wa Ujerumani Magharibi walitoa waraka uliowataka wananchi wao wapatane na majirani wa mashariki, hata kama maana yake ni kukubali kwamba ardhi ile imekwenda. Walitukanwa sana. Kisha, tarehe 18 Novemba, maaskofu Wakatoliki wa Poland waliokuwa Roma kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano wakawaandikia maaskofu wa Ujerumani. Aliyeiandika barua hiyo hasa ni Bolesław Kominek, askofu mkuu aliyelisimamia Kanisa la Wrocław, mji uliokuwa wa Wajerumani kabla ya vita. Waliwaalika kusherehekea miaka 1000 ya ubatizo wa Poland. Lakini kabla ya kufika kwenye kusameheana walieleza historia yote, karne kwa karne, pamoja na damu yake. Ndipo wakaandika kwamba wanasamehe, na kwamba wao pia wanaomba kusamehewa.

Nyumbani moto ukawaka. Serikali ya kikomunisti iliuliza ni nani aliyewatuma. Kardinali Stefan Wyszyński, mkuu wa Kanisa la Poland, akanyimwa pasipoti. Kiwanda cha Solvay, ambako askofu mkuu Karol Wojtyła, mmoja wa waliotia sahihi, alikuwa kibarua enzi za vita, kilitoa barua ya wazi ya kumlaumu. Hata waumini waliguna: sisi tuliochinjwa, tuombe msamaha wa nini? Na jibu la maaskofu wa Ujerumani lilikuja la upole, lakini suala la mpaka wakalikwepa. Maaskofu wa Poland hawakuifuta barua yao. Iliwachukua watu miaka kuielewa.

Hiyo ndiyo dawa ya kwanza: ndwele itajwe kwa jina, na atangulie kunyoosha mkono hata yule mwenye kidonda kikubwa.

Dawa ya pili ni kazi, maana mkono mtupu haulambwi. Mtazameni Robert Schuman, aliyezaliwa mwaka 1886 raia wa Ujerumani na kufa raia wa Ufaransa, kwa sababu jimbo la baba yake lilikuwa likinyang'anywa huku na huku. Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, walimfunga mwaka 1940, akatoroka mwaka 1942. Mkatoliki wa misa ya kila siku. Tarehe 9 Mei 1950, akiwa waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, hakumhubiria Mjerumani. Alipendekeza makaa ya mawe na chuma cha nchi zote mbili viwekwe chini ya mamlaka moja, kwa kuwa mizinga hutengenezwa kwa vitu hivyo. Konrad Adenauer wa Ujerumani akakubali, na Alcide De Gasperi wa Italia akaingia, nao Wakatoliki pia. Msijivune lakini: rasimu ya pendekezo lile iliandaliwa na Jean Monnet, mtu wa hesabu na mipango, na wako waliojenga umoja uliotokana nalo bila kusali kabisa. Mkristo alichangia kama kibarua miongoni mwa vibarua.

Sasa jambo letu. Wenyeji watawauliza juu ya vita vya Maji Maji, babu zetu walipopigana na Wajerumani kuanzia mwaka 1905. Tarehe 1 Novemba 2023 rais wao, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea akaomba msamaha, na akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani katika vita hivyo. Mtaona aibu usoni mwa wenyeji wenu, na kwa adabu ya kwetu mtatamani kusema, "Aa, hayo yalishapita." Msiseme. Waelezeni mashamba yaliyochomwa na njaa iliyoua wengi kuliko risasi. Kisha waulizeni ni kazi gani tutaifanya pamoja.

Siku ya kwenda Görlitz, kila mmoja wenu avuke na mwenyeji mmoja. Mkifika katikati ya daraja, mwombe akusimulie babu yake alikuwa wapi mwaka 1945. Akimaliza, msimulie babu zako walikuwa wapi mwaka 1905.

Ni mimi mzee wenu.