Deni la Maji

Wazee husema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Je, mafuta yakimwagika majini? Na aliyeyamwaga, akiisha kutoa fedha, deni lake limekwisha?

Tutazame nchi ya Waogoni, katika delta ya mto Niger, huko Nigeria. Uchimbaji wa mafuta ulikoma huko mwaka 1993, lakini mabomba yalibaki. Mafuta yaliyovuja yalishuka udongoni pamoja na mvua, yakafikia maji ya visima. Mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa habari za uchunguzi wake. Mahali paitwapo Nisisioken Ogale lilikuta mafuta yanaelea juu ya maji ya ardhini, unene wake sentimeta 8. Tena katika maji ya kunywa mlikuwamo benzini, sumu iletayo saratani, zaidi ya mara 900 ya kiasi kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Wenyeji wengine waliijua hatari, lakini waliendelea kuyaoga na kuyapikia, kwa kuwa hawakuwa na maji mengine.

Wako wasemao, "Mabomba hutobolewa na wezi, mwenye bomba hana hatia." Ni kweli, wezi wako, na wizi ni dhambi. Lakini torati ya Musa yatufundisha kwamba aliyeacha shimo wazi humlipa mwenye ng'ombe aliyetumbukia. Vivyo hivyo apitishaye bomba karibu na kisima cha watu amejitwika kazi ya kulilinda.

Wengine husema, "Fedha zimekwisha kulipwa." Naam, mwaka 2015 kampuni ya Shell ilikubali kuwalipa watu wa Bodo, katika nchi iyo hiyo, pauni milioni 55 kwa mafuta yaliyomwagika mwaka 2008. Hatuzidharau fedha hizo. Mvuvi aliyepotewa na samaki ana haki ya kulipwa. Lakini mama apokeaye fedha asubuhi, jioni atateka wapi? Wachunguzi walisema kwamba kuiponya nchi ya Waogoni kwaweza kuchukua miaka 25 hata 30. Basi twaona hivi: deni la maji hulipwa kwa maji. Mdeni na alete maji safi leo, azibe panapovuja, asafishe udongo, wala asiondoke mpaka kisima kimepona.

Na sisi tuwashao taa na kupanda motakaa, tusiseme neno hili halituhusu. Mafuta hutufikia sisi yakiwa na faida. Uchungu wake umebaki kisimani mwa wengine. Tena, kabla ya kumwaga mafuta machafu ya gari mtoni, tuulize kwanza: ni nani atekaye huko chini?