Kuchambua na Kuvunja

Sisi tuliokulia kwenye mashamba ya karafuu tulilijua neno kuchambua kabla ya kuijua alifu. Karafuu huteremshwa mtini pamoja na vikonyo vyake, na jioni watu wakakaa mkekani wakitenga, karafuu huku, makonyo kule, mikono ikienda na mazungumzo yakienda. Kazi ile haina fumbo. Konyo ni konyo hata likilala katikati ya pishi nzima ya karafuu, na hakuna aliyewahi kulitenga akaulizwa kwa nini. Kwa miaka mingi niliamini kwamba kila uchambuzi duniani ni wa namna hiyo, yaani kwamba kila kitu kimezaliwa na mahali pake, na kazi ya mwenye macho ni kukirudisha hapo. Imani hiyo iliniharibikia Sumbawanga, mbele ya ndoo ya vitofali vya kuchezea watoto.

Nilikwenda Ufipa mwezi wa Julai kumtazama binti wa dada yangu, aliyeolewa huko na kusomesha watoto wadogo. Mtu wa pwani asende Ufipa mwezi huo bila ya sweta, kwani mji umekaa kwenye uwanda ulio juu kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na upepo wake wa alfajiri hauombi idhini. Wenyeji husimulia kuwa jina la mji wao latokana na amri ya kumtaka mgeni autupe uchawi wake kabla ya kuingia. Uchawi sikuwa nao. Nilikuwa na mazoea ya kupanga vitu, na sikujua kwamba hayo nayo yangefaa kuachwa mlangoni.

“Mjomba,” aliniambia siku ya tatu, “wewe si ndiye unayepanga vitabu vyako mpaka mtu akaogopa kuvigusa? Basi nisaidie na hivi.” Akanisogezea ndoo. Vitofali vile vililetwa na jamaa yao anayeishi Ulaya, vimechanganyika vya watoto watatu au wanne waliokwisha kukua. Yeye alitaka kuvipeleka darasani, na darasani watoto hawapungui arubaini.

Msomaji asiyevijua vitu hivi na avumilie kidogo. Ni vipande vya plastiki vyenye vichwa vidogo juu na matundu chini, kimoja kikikandamizwa juu ya kingine hushikana. Mashuhuri zaidi ni vya LEGO, kampuni iliyoanzishwa na seremala Ole Kirk Christiansen huko Billund, Denmark, mwaka 1932, na jina lake limefupishwa kutokana na maneno ya Kidenmark yenye maana ya “cheza vizuri”. Namna ya kushikana inayotumika mpaka leo ilisajiliwa tarehe 28 Januari 1958, na kitofali cha mwaka huo hukaa barabara juu ya kilichotoka kiwandani juzi. Wanahisabati wamehesabu kwamba vitofali sita tu vya rangi moja, kila kimoja chenye vichwa vinane, vyaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Nilipoisoma idadi hiyo niliwakumbuka washairi, ambao nao hupewa mizani chache wakaambiwa waseme yote.

Nikatafuta makopo sita ya maziwa ya unga nikaanza. Vyekundu huku, vya manjano kule. Katikati ya ndoo nikakuta fungu moja la vitofali kumi na kimoja vilivyoshikana, rangi zote, virefu kwa vifupi, bila ya umbo ninaloweza kulitaja. Si nyumba, si gari. Nikaona ni takataka za mchezo uliokatizwa. Nikalivunja kwa ukucha, kila kipande nikakipeleka kwa wenzake wa rangi, na nakiri kwamba nilipata raha.

Mjukuu wangu, wa miaka saba, alirudi skuli saa nane. Alichungulia kopo la kwanza, akachungulia la pili, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, “Babu, umezivunja safari za baba.”

Baba yake ni dereva wa lori. Huchukua mahindi ya Ufipa akapita Tunduma na kwenda mbali zaidi, na hurudi baada ya wiki mbili, pengine mwezi. Kila akirudi, baba na mwana huongeza kitofali kimoja, naye baba ndiye huchagua rangi. Lile fungu lilikuwa marejeo kumi na moja. Mtoto alijaribu kulijenga upya. Alikumbuka mpaka la saba, akasita. Mamake alimwambia si neno, baba atakumbuka. Baba hakukumbuka.

Nimekuwa nikijiuliza tangu siku hiyo kosa langu lilikuwa lipi. Sisemi kwamba ndoo ilistahili kubaki fujo. Watoto arubaini hawawezi kusubiriana huku mmoja akisaka gurudumu, na kitofali kilichotengwa kimerudishiwa uwezekano wake wote. Mpangaji humtumikia mtu asiyekuwapo bado, yule atakayekuja kutafuta. Hiyo ni heshima kubwa, na wasiopanga chochote kwa kisingizio cha uhuru huwaachia wengine taabu ya kutafuta. Lakini mimi nilimtumikia mtoto wa kesho kwa mali ya mtoto wa leo, na sikumwuliza. Nilidhani kwamba nisichokisoma hakikuandikwa.

Lugha yetu yenyewe ina adabu zaidi yangu. Kiswahili hupanga majina kwa ngeli, na kwa umbo lake kijana angepaswa kukaa na kiti na kisu. Tungesema kijana kimekuja. Hatusemi. Twasema kijana amekuja, kipofu amekaa, kiongozi ameondoka, kwa kuwa penye uhai umbo hunyamazishwa. Watangulizi wetu waliotupa sarufi hii walikwisha kuona kwamba kitu chaweza kufanana na kundi fulani kwa sura na kisiwe cha huko.

Na wasomi wa nyaraka waliliona jambo hili kwa njia yao. Ufaransa mwaka 1841 ulitolewa waraka uliotaka karatasi za ofisi moja au za ukoo mmoja zikae pamoja, zisitawanywe kwa mada; na Berlin mwaka 1881 ikaamriwa kwamba hata mpangilio walioupokea kwa wenyewe uheshimiwe. Barua mbili zilizolala pamoja zaweza kusema jambo ambalo hakuna hata moja inayolisema peke yake.

Ushahidi mkubwa zaidi uko karibu na hapo Sumbawanga. Kusini yake, mpakani na Zambia, Mto Kalambo huporomoka zaidi ya mita 200 ukielekea Ziwa Tanganyika. Juu kidogo ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua mwaka 2019 magogo mawili, moja limelazwa juu ya jingine na kukaa katika pengo lililochongwa makusudi. Matokeo yalitangazwa Septemba 2023: umri wake si chini ya miaka 476,000, kabla ya kutokea binadamu wa namna yetu. Maji ndiyo yaliyoyahifadhi yasioze. Ukiyatenganisha utabaki na vipande viwili vya mti mkongwe. Habari yote imo pale yaliposhikana. Laiti ningelifika mimi pale na makopo yangu!

Haya yasingenisumbua hivi kama kosa lingekuwa moja. Miaka mingi iliyopita mzee mmoja wa kisiwani alinisomea tungo zake jioni baada ya jioni, nami nikaziandika kila moja kwenye kadi. Nilipozitengeneza kwa ajili ya kitabu nikaziainisha: za bahari, za ndoa, za mawaidha. Watu walinisifu kwa mpangilio. Mzee alipoletewa nakala aliifunua, akaifunga, akasema, “Umezisafisha.” Nikaipokea kama sifa. Sikupata kumwuliza kwa nini utungo wa harusi aliusoma baada ya ule wa chombo kilichozama, na sasa yeye hayupo, na kadi zangu hazina nambari.

Niliporudi kutoka Ufipa nilimwandikia binti yake. Amejibu kwamba anazikumbuka tatu za mwanzo zilivyofuatana, kwani alikuwa akileta kahawa. Ya nne hana hakika nayo.