JE, KISU HICHO BADO NI CHA BABA YAKO?

Ndugu msomaji, tulia kidogo. Una kisu cha kukunja alichokuachia marehemu baba. Jana umekitumia kubandua kifuniko cha kopo la rangi, mara bapa limekatika! Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nawe umeshika njia kwa fundi hapa hapa Kiwalani.

Kama imekatika ncha tu, fundi atasaga kilichobaki. Lakini asage polepole, akichovya majini kila mara. Pua ikipata moto mpaka ikawa bluu, kama nyuzi 300 hivi, ugumu wake umepungua na makali hayadumu. Kisu kitarudi kifupi, ila ni kile kile.

Kama limekatika kwenye shina, karibu na ripiti, hapo hakuna kusaga bwana. Ripiti inatolewa, linachongwa bapa jipya, labda kutoka springi ya gari.

SASA SWALI: Mwakani mpini nao ukipasuka ukabadilishwa, umebaki na nini cha baba?

Swali hili si geni. Plutarch, Mgiriki aliyeandika yapata miaka 1,900 iliyopita, alisimulia merikebu ya Theseus. Waathene walikuwa wanatoa mbao zilizooza na kuweka mpya. Wenye hekima wakabishana: ni ile ile, au siyo? Majahazi yetu nayo hubadilishwa mbao, na jina likabaki.

Wabishane. Mimi nakwambia, ubaya hauko kwenye KUBADILISHA. Uko kwenye KUFICHA!

Fundi akikwambia, "Mzee, bapa hili ni jipya, la zamani hili hapa," amekutendea haki. Hata kile kipande utakihifadhi. Lakini akiweka jipya halafu aseme, "Nimelinoa tu," amekuibia ukumbusho wako, na pesa umempa mwenyewe!

Na wewe mwenye kisu usimnyooshee fundi kidole. Siku unamrithisha mwanao, utamwambiaje? "Hiki chote alikishika babu"? Huo ni uongo! Mwambie, "Mpini ni wa babu, bapa niliweka mimi." Kisu hakitapungua thamani hata kidogo. Mtoto atajua babu alikitumia, na baba hakukitupa.

Je, kuna kitu cha mtu ulichobadilisha ukanyamaza? Mwenye mali yupo, unamjua. Kamwambie LEO, usingoje kesho!