Je, ni dhambi kumwahidi mtoto chuo kikuu?

Kwa toleo hili niliombwa niandike juu ya vijana wetu wa sekondari na maandalizi yao ya kwenda chuo. Nilianza kuandika makala ya kuwatia moyo, kama tulivyozoea. Nilipofika nusu ya ukurasa kalamu ikasimama, maana nilimkumbuka binti mmoja wa kwaya yetu, nikaona kwamba kabla ya kumtia moyo mtu mwingine yeyote nina jambo la kuungama.

Binti huyo alifika Nakivale akiwa na diploma ya serikali ya Kongo, ile inayopatikana kwa mtihani wa taifa mwisho wa sekondari. Alama zake zilikuwa nzuri na kanisa zima lilifurahi. Tulimwita mbele tukamwombea, na mimi ndiye niliyeshika maikrofoni nikatangaza kwamba mwaka ujao atakuwa chuoni Mbarara. Akina mama wakachanga nauli na fedha ya fomu. Akaenda. Kutoka Base Camp hadi Mbarara ni kilomita zipatazo 60, na alirudi jioni ile ile. Ofisini walimwomba barua inayoonyesha kwamba diploma yake imelinganishwa na vyeti vya Uganda. Hakuwa nayo. Wakamuuliza mbona diploma ina majina matatu na kitambulisho cha mkimbizi kina mawili, tena moja limeandikwa kwa herufi tofauti. Hakuwa na jibu. Alipoanza kuzifuatilia hizo karatasi, siku za kupokea maombi zikapita, na fedha ya akina mama ikaishia kwenye teksi.

Leo anakaanga mandazi karibu na soko. Anayakaanga vizuri na analea wadogo zake kwa kazi hiyo, wala sisemi kwa kumdharau. Kinachoniuma ni kwamba mimi nilijua. Mwaka mmoja kabla yake, kijana wa kijiji cha jirani alirudishwa kwa sababu hiyo hiyo, na habari zake nilizisikia. Nilinyamaza kwa sababu binti alikuwa na furaha na sikutaka kumvunja moyo. Nilipokwenda kumwomba msamaha aliniambia, “Mwalimu, mlinipa maombi na nauli. Mngenipa na ile habari.” Alisema bila hasira, akiwa anageuza mandazi.

Tangu siku ile swali hili halijaniacha: je, ni halali kumwekea mtoto maskini tumaini la chuo kikuu, hali tukijua mlango ni mwembamba kiasi gani?

Tuseme kwanza mlango wenyewe. Mwaka 2016 UNHCR ilitangaza kwamba katika vijana 100 wakimbizi duniani, ni mmoja tu aliyekuwa katika elimu ya juu, wakati kwa vijana wote wa dunia walikuwa 34. Ripoti zake za 2023 na 2024 zilitaja 6 hadi 7, na lengo lililowekwa ni kufikia 15 ifikapo mwaka 2030. Ni maendeleo, tushukuru. Lakini chukua vijana 100 wa kambi hii, waweke kwenye mabenchi ya kanisa letu, kisha uwaambie kwamba hata lengo lile likitimia, 85 wataondoka.

Sheria nayo tuijue. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatuweka sawa na raia katika shule ya msingi. Juu ya hapo inatuweka pamoja na wageni wengine. Ufadhili wa serikali katika vyuo vya umma ni wa raia. Mikopo ya wanafunzi, iliyowekewa bodi kwa sheria ya mwaka 2014, ni ya raia. Kwetu kuna DAFI, ufadhili ulioanzishwa kwa fedha za serikali ya Ujerumani mwaka 1992, kuna ufadhili wa mashirika machache mengine, na kuna mfuko wa mzazi. Na mfuko wa mzazi mnaujua. Mwezi Mei 2025 Shirika la Chakula Duniani lilitangaza kwamba linasimamisha msaada kwa wakimbizi milioni moja nchini Uganda kwa kukosa fedha. Nyumba iliyokuwa ikiuza sehemu ya mgao ili kulipa shule, itauza nini?

Kwa hesabu hizo, mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu sana, aliniambia tuache kabisa habari za chuo. “Mfundisheni mtoto kujenga, kushona, kutengeneza simu,” alisema. “Mkimwonyesha Mbarara halafu asifike, mmemfanya asiridhike na shamba wala asipate ofisi.” Sikuweza kumjibu siku hiyo. Mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Kivu na watoto wanne ana haki ya kuogopa ahadi. Na ni kweli, wapo vijana wetu waliomaliza S6 wakakaa miaka mitatu barazani wakisubiri ufadhili, jembe likiwa limeegemea ukuta nyuma yao.

Lakini nimemfikiria sana mzee huyo, na nadhani amekosea mahali pamoja. Anadhani tukinyamaza mtoto hataota. Watoto wanaota bila ruhusa yetu. Kila anayepelekwa hospitali ya Mbarara anawaona wanafunzi wa udaktari wa chuo kile kilichoanza mwaka 1989, wamevaa makoti meupe, wengine ni vijana wa rika lake. Akirudi nyumbani anakuwa amekwisha kuamua. Hatuna uwezo wa kuizuia ndoto hiyo. Tulicho nacho ni kumwambia au kutomwambia inagharimu nini, na kumwambia lini.

Hapo kwenye “lini” ndipo nilipopotea mimi, na naona wengi wetu tunapotea hapo. Mnakumbuka Bwana alivyosema juu ya mtu anayetaka kusimamisha mnara, kwamba anapiga mahesabu kabla ya msingi. Sisi tunawapigia watoto mahesabu baada ya paa kuanguka. Mtoto wa tajiri wa mjini hahitaji kuambiwa, maana nyumbani kwake mjomba amesoma, shangazi amesoma, mezani wanaongea mambo hayo wakila. Wetu anayasikia dirishani kwa karani, siku ya mwisho.

Angalieni mambo yenyewe yalivyo madogo. Ili kuingia shahada kwa njia ya kawaida, mwanafunzi wa Uganda anatakiwa kuwa na cheti cha S4, yaani UCE, chenye masomo yasiyopungua matano aliyofaulu, na katika mtihani wa S6, UACE, awe amepata angalau prinsipo mbili katika kikao kimoja cha mtihani. Prinsipo moja haifiki. Maana yake, kombinesheni anayoichagua akiingia S5 ndiyo inayoamua ni kozi gani zitamfungukia. Nimewaona watoto wakichagua fizikia, kemia na baiolojia kwa sababu kanisa lilikwisha kuwaita “daktari wetu”, hali shuleni kwao vifaa vya maabara ni vichache na kemia ya S4 walipita kwa shida. Je, jina hilo la daktari tulimpa kwa upendo, au kwa kujipendekeza sisi wenyewe, tupate wa kumtaja kwenye ushuhuda? Afadhali angechukua historia na uchumi akapata prinsipo zake mbili. Lakini nani angemwambia, na sisi tumekwisha kupiga makofi?

Wale waliotoka Kongo wana shida yao. Kule ni miaka 6 ya msingi na 6 ya sekondari, hapa ni 7, kisha 4, kisha 2, tena kwa Kiingereza. Kijana wa miaka 16 anarudishwa darasa la P5 kukaa na watoto wa miaka 11 kwa sababu ya lugha tu, na akifika S6 umri umekwenda, na DAFI wanaangalia umri. Mwenye diploma ya Kongo anahitaji itafsiriwe, kisha ilinganishwe, na kazi hiyo inachukua miezi na fedha. Vita ilipofika Goma Januari 2025 na Bukavu Februari, wengine walikimbia na nakala ya matokeo tu, wengine na picha kwenye simu, wengine bila kitu. Mtu huyo akiambiwa leo, ana mwaka mzima wa kuhangaika. Akiambiwa Julai, tumempa huzuni tu.

Na sasa niseme jambo litakaloudhi baadhi yetu. Habari katika kambi hii ina ukoo. Tangazo la ufadhili likibandikwa kwenye ubao Base Camp, anayelisoma kwanza ni mtoto wa anayefanya kazi kwenye shirika, kisha mtoto wa mwenyekiti, kisha, tusifichane, watoto wa sisi wazee wa kanisa. Mtoto wa mjane aliye mbali, upande wa Rubondo, atalisikia kutoka kwa mtu wa bodaboda wiki moja baada ya kufungwa. Hakuna aliyemwibia. Hakuna aliyemkataa. Hakuambiwa tu. Zamani niliona hiyo ni bahati mbaya. Sasa naiona kama kugawa posho kwa kuwaita watu wa mlango wako na kufunga gunia wengine hawajafika. Mkate tungeona aibu kuugawa hivyo. Habari tunaigawa hivyo kila mwaka, na Jumapili tunaimba.

Mtu ataniuliza: ukimwambia mtoto wa S3 hayo yote, hataacha shule? Huenda mmoja ataacha. Sikatai, na huyo atakuwa juu ya dhamiri yangu kama yule binti alivyo. Lakini nimejaribu. Mwaka jana niliketi na vijana tisa wa S3 na S4, nikawaambia kila kitu, pamoja na zile hesabu za 7 katika 100. Kulikuwa kimya kirefu. Kisha msichana mmoja akauliza, “Na hizo karatasi za majina zinatengenezwa wapi?” Hakuuliza kama inawezekana, aliuliza dirisha liko wapi. Wawili kati yao waliamua pale pale kwamba baada ya S4 watatafuta cheti cha ufundi kwanza, wafanye kazi, kisha waone. Mmoja wao ni mtoto wa mwenzetu ambaye hajanisamehe mpaka leo. Anasema nimemshusha mwanawe. Mimi nadhani mwanawe alijiamulia kwa mara ya kwanza, akiwa ameona njia zote mezani, lakini namwelewa baba. Alikwisha kuwaambia watu wa kijiji kwamba mwanawe atakuwa mhandisi.

Kuna swali la sadaka pia, nalo silimalizi. Mfuko wa elimu wa kanisa letu unaweza kumlipia mwanafunzi mmoja wa S6 kwa mwaka, au kuwanunulia watoto wa P7 wengi madaftari na kuwalipia mtihani. Kwa miaka tumemchagua mmoja, kwa sababu mmoja anapigwa picha. Sisemi ni kosa kila mara. Mtoto aliyebakiza muhula mmoja huwezi kumwacha mlangoni. Lakini ninaomba kamati ijiulize, kabla ya kumchagua huyo mmoja, je, wale ambao hawakuchaguliwa wamepewa kile kisichohitaji fedha? Maana sehemu kubwa ya maandalizi haihitaji fedha. Mabenchi yapo. Taa ya sola ipo, na usiku haitumiki isipokuwa mkesha. Kuna watu kati yetu waliofundisha Uvira na Bujumbura ambao sasa wanapalilia mahindi tu. Mtoto akisoma gazeti la Kiingereza kwa sauti saa moja kila Jumamosi, na kuandika ukurasa mmoja wa hoja zake, anajiandaa kwa karatasi ya General Paper ya S6. Asipofika S6, bado ataweza kusoma mkataba wa shamba, barua ya hospitali na fomu ya OPM bila kumlipa mtu wa kumsomea. Hilo ndilo jibu ninalotaka kumpelekea yule mzee wangu: maandalizi mazuri ni yale ambayo hata aliyebaki nje ya mlango anaondoka nayo.

Nilimrudia yule binti mwezi uliopita. Nilikwenda nikiwa na aibu, nikamwambia kwamba diploma yake bado ni halali na kwamba ulinganishaji hauna kikomo cha umri, hata kama ufadhili unacho. Aliniuliza inagharimu kiasi gani. Safari hii nilikuwa nimeuliza kabla, nikamwambia yote, pamoja na tafsiri na safari. Alinyamaza, akahesabu kwa vidole, mandazi ya miezi mingapi. Akasema atafikiri, lakini kwanza mdogo wake yuko S2, nataka aje naye Jumamosi.

Basi Jumamosi hiyo, baada ya mazoezi ya kwaya, tutaketi kanisani na wanafunzi wote wa S2 hadi S6, wawe wa kanisa letu au wa jirani, Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wenyeji. Wazazi wa Rubondo na Juru tunawaomba waje pia, tutaanza saa nane ili wa mbali warudi kabla ya giza. Kila mmoja alete cheti alicho nacho, au nakala, au hata picha kwenye simu, pamoja na kitambulisho, tuangalie majina herufi kwa herufi. Asiye na karatasi yoyote aje vilevile, tuandike alisoma wapi na mwaka gani.