Ushahidi wa Mwenye Kuunda Mfano

Miongoni mwa maswali ambayo wanazuoni wa Kiislamu wameyajadili karne kwa karne, na ambayo watu wa pwani yetu waliyapokea pamoja na vitabu vya fikihi walivyovisoma katika darsa za misikitini, ni lile la mtu ashikaye kisu na mbao akatengeneza sura ya kitu: je, mkono wake umeruka mpaka uliowekwa baina ya kiumbe na Muumba wake, au umefanya kazi ya halali kama ya seremala achongaye mlango? Jawabu ya wengi inajulikana. Chenye roho kimekatazwa, na juu ya kiasi cha katazo hilo madhehebu yana maneno marefu. Kisicho na roho, kama mti, jabali au jahazi, kimeachiwa, na tegemeo la ruhusa hiyo ni riwaya ya Ibn Abbas, ambaye alijiwa na mtu aliyesema kuwa riziki yake yatoka katika kazi ya mikono yake, akamwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na nafsi. Basi aundaye mfano mdogo wa eropleni hana sababu ya kuhofu kwamba Siku ya Hukumu ataamriwa aupulizie roho. Walakini kuruhusiwa jambo si kulifahamu, na fakihi akishamaliza kutoa fatwa yake na kufunga kitabu, swali lililo gumu zaidi hubaki pale pale juu ya meza ya fundi: alichokifanya ni nini hasa?

Na tuchukue chombo kimoja kinachojulikana. Mwezi wa Julai 1936, huko Rochester kando ya mto Medway nchini Uingereza, iliruka kwa mara ya kwanza eropleni ya majini iliyoitwa Canopus, kazi ya kampuni ya Short Brothers kwa usanifu wa Arthur Gouge: chombo cha sitaha mbili, chenye tumbo la merikebu na mabawa ya ndege, kilichopima mita 34.7 toka ncha ya bawa moja hata ya pili, na kilichovutwa na injini nne za Bristol Pegasus. Nyingine zikafuata, nyingi zikipewa na shirika la Imperial Airways majina yaanzayo kwa herufi C, na tangu Juni 1937 zikawa zikichukua barua na abiria kutoka Southampton mpaka Durban, zikishuka juu ya maji ya Nile na ya ziwa Victoria huko Kisumu, kisha Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, kabla ya kushika njia ya Msumbiji. Kwa jumla ziliundwa 42. Baadhi ziliangamia kwa ajali, baadhi zikateketea vitani, na zilizosalimika zilivunjwavunjwa vita vilipokwisha, hata haikusalia moja nzima ya kutiwa katika nyumba ya makumbusho. Mtu atakaye kuiona leo hana pa kwenda.

Hapo ndipo aingiapo fundi wangu. Wako wanaonunua dukani sanduku la vipande vilivyokwisha kumiminwa kiwandani, wakavigundisha kwa kufuata nambari, na kazi yao siidharau. Lakini fundi ninayemsema huanza na ramani na mbao tupu. Huutandaza mchoro mezani, akakata mkuku, akausimamishia mataruma moja moja, kila taruma likiwa na umbo lake kwa sababu tumbo la chombo hiki halina mahali pawili palipo sawa: omo limekaa juu na kunenepa, chini katikati pana kidato kikatacho maji yasing'ang'anie chombo kinapotaka kuondoka, na nyuma yake mwili hupanda na kukonda kuelekea tezi. Vipande vingine, kama vifuniko vya injini, huchongewa kwanza kalibu ya mti, ikapigwa msasa mpaka iwe laini kama yai, kisha karatasi ya plastiki iliyopashwa moto ikavutwa juu yake. Rafadha hutokana na kijiti kilichokatwa kwa subira. Miezi hupita kabla ya rangi yoyote kupakwa, na mtu asiyeijua kazi hii akichungulia ataona mifupa tu.

Al-Ghazali, katika kitabu chake cha kufasiri majina mazuri ya Mwenyezi Mungu, aliyaeleza majina matatu yafuatanayo, la Muumba, la Mtengenezaji na la Mtia sura, kwa mfano wa jengo: kwanza lazima awepo anayekadiria, aijue ardhi itakiwayo na mbao na matofali na urefu na upana, kisha anayejenga, kisha anayeipamba dhahiri ya jengo na kuitia sura yake ya mwisho. Kwa wanadamu, asema, kazi hizi huwa za watu mbalimbali, na kwa Mwenyezi Mungu zote ni zake peke yake. Nimefikiri mara nyingi kwamba lau al-Ghazali angalimwona fundi wa mifano, huenda angalimtazama kwa udadisi, maana huyu kwa nje anafanya zote tatu peke yake, chini ya taa moja: anapima, anajenga, anapamba. Lakini ukimkaribia utaona kuwa ile ya kwanza, iliyo kuu kuliko zote, si yake hata kidogo. Kadiri ya chombo ilikwisha wekwa na Gouge na wachoraji wake. Na Gouge naye hakuiweka apendavyo, kwani maji ya mto na hewa iliyo juu yake vilikuwa na masharti ambayo hakushauriwa yalipowekwa. Kwa hiyo yule ajisifuye kwamba ameunda kila kitu toka mwanzo amesema kweli juu ya mbao zake, ila hakusema kweli juu ya mwanzo.

Kama si muumba, basi ni nani? Wapo wanaosema ni mchezaji, mtu mzima aliyerudi utotoni. Sioni aibu katika neno hilo, na dini haikulionea. Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba Bibi Aisha alikuwa na vinyago vya kuchezea, na kati yavyo farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa. Mtume alipomwuliza kwa mshangao habari ya farasi mwenye mabawa, alijibu kwa kumkumbusha farasi wa Nabii Suleiman, na Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Ni kisa kizuri, na ni hoja ya kutosha dhidi ya wakali. Lakini farasi yule hakumshuhudia farasi yeyote. Bawa lake lingaliweza kuwa refu au fupi, jekundu au jeupe, na hakuna ambaye angalisema kuwa limekosewa. Mfano wa Canopus unaweza kukosewa, na hiyo ndiyo tafauti yote. Kitu kinachoweza kuwa cha uongo ni kitu kinachosema habari, na anayesema habari za asiyekuwapo, mbele ya watu wasioweza kwenda kuhakikisha, huyo kwa lugha ya kadhi ni shahidi.

Nikishalikubali neno hilo, naona adabu za ushahidi zote zinamshukia fundi, na wala si nyepesi. Shahidi haongezi wala hapunguzi. Hasemi alichokidhania kana kwamba alikiona. Na akiulizwa umeyapata wapi, sharti ataje. Wanazuoni wa hadithi walijenga elimu nzima juu ya swali hilo moja, wakazipanga riwaya kwa daraja, sahihi, hasani na dhaifu, kwa kuitazama silsila ya wapokezi mmoja baada ya mmoja. Fundi mwema hufanya vivyo hivyo hata kama hajasikia habari ya Bukhari maishani mwake. Mchoro uliotoka katika karakana ya waundaji wenyewe huuweka juu. Picha iliyopigwa bandarini siku ijulikanayo huifuatisha. Mchoro uliochorwa miaka mingi baadaye na mpenzi wa eropleni, asiyetaja alikopata vipimo, huupokea kwa hadhari, hata ukiwa mzuri wa kuvutia macho, na hasa ukiwa mzuri. Na picha nayo, ambayo watu huiamini kuliko mdomo, ina ila zake: ni ya rangi nyeupe na nyeusi, haiwezi kumwambia mtazamaji kama herufi za ubavuni zilikuwa nyeusi au za buluu iliyoiva, na chombo kikiwa kinaelea, sehemu ya tumbo iliyo muhimu kuliko zote, yaani kile kidato, imo majini haionekani.

Iko shida nyingine ambayo mashahidi wa mahakamani hawaijui, nayo ni udogo. Tuseme mfano umeundwa kwa kipimo cha moja kwa 72, hata mabawa yakawa na sentimita 48. Karatasi ya plastiki ya nusu milimita, ambayo mkononi ni nyembamba kiasi cha kupeperuka, ukiikuza mara 72 ni ukuta wa milimita 36. Hivyo ukingo wa nyuma wa bawa, ambao kwa chombo chenyewe ulikuwa mkali, katika mfano huwa umevimba kama ubao wa meza isipokuwa ukanolewa kwa tupa na msasa mpaka mwanga upenye. Kichwa cha ribiti cha milimita tano hupungua mpaka chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, ukubwa wa unywele, na juu ya hayo ribiti hizo zilizamishwa kwa makusudi zisiinuke juu ya bati. Kwa haki, basi, hazifai kuonekana. Ajabu ni kwamba mtazamaji asipoziona husema mfano hauna uhai, na mafundi wengi, kwa kumridhisha, huzichoma kwa sindano moja moja, maelfu, kazi ya kuumiza macho, ili kumwonyesha jambo ambalo macho yake yasingaliweza kuliona. Mimi nawahesabu hao kuwa wamepamba ushahidi, ingawa nakiri mikono yao ni ya ajabu.

Na mizani je? Eropleni hizi za kwanza, zikiwa na shehena kamili, zilipita kilo 18,000. Uzito hufuata ujazo, na ujazo hupungua mara 72 kwa urefu, mara 72 kwa upana na mara 72 kwa kimo. Mfano ulio wa haki katika mizani ungepasa uwe na gramu 49 hivi, na sijapata kusikia aliyethubutu. Kila mfano wa mbao na plastiki niliopata kuushika ulikuwa mzito mno kuliko haki yake. Kwa hiyo hata shahidi mwaminifu kabisa huchagua atashuhudia lipi: akishuhudia sura, uzito atausaliti, akitaka vyote viwili, kimoja kitamponyoka. Aliyeumba maji na madini hakuwa na haja ya kuchagua hivyo, kwani kipimo na kipimwacho kwake vilitoka pamoja. Naona umbali wa mja na Mola wake uko wazi zaidi katika gramu hizo 49 kuliko katika hotuba nyingi nilizozisikia.

Lakini taabu iliyo kubwa ni ya mambo yasiyojulikana. Mwandishi wa historia akikosa habari hunyamaza, na kimya chake hakimvunjii mtu heshima. Fundi hawezi kunyamaza. Bati lililo chini ya bawa lazima ama liwe laini au liwe na mshono. Hakuna bati la tatu. Atake asitake, mkono wake utasema neno.

Iangalie mwenzake Canopus, ile iliyoitwa Corsair. Mwezi wa Machi 1939, ikitoka Uganda kwenda Juba, ilipotea njia, mafuta yakakaribia kwisha, ikashuka juu ya mto Dungu katika Kongo iliyokuwa ya Wabelgiji, si mbali na Faradje, ikagonga jiwe na tumbo likapasuka. Mafundi walipelekwa porini wakaitengeneza; jaribio la kwanza la kuruka likashindwa, ikatoboka tena; basi mto ukajengewa boma ili maji yapande, kwa mikono ya watu wengi wa nchi ile, na mwanzoni mwa Januari 1940 ndipo ilipoondoka. Anayeiunda Corsair anaunda ipi? Ile iliyotoka Rochester, au ile iliyotoka Dungu ikiwa na bati jipya tumboni? Akichagua ya pili, viraka vile vilikaaje, na ribiti zake zilizamishwa kwa ustadi ule ule wa kiwandani, au ziliinuka kama kazi ya dharura? Na hata akifaulu kuvipata vyote, mfano wake utasema habari za bati, usiseme neno juu ya waliobeba mawe na udongo mpaka mto ukainuka. Simlaumu fundi kwa hilo. Chombo chenyewe kilipita Juba na Khartoum bila kusema. Ila afahamu kwamba ushahidi wake ni wa jambo moja katika mengi, na asiuite historia.

Nimeulizwa na mtu apendaye kazi hii afanyeje mahali habari inapokatika, naye alitaraji nimwambie aache pasipopakwa rangi, kama mwandishi aachavyo pengo katika ukurasa. Sikumwambia hivyo, kwa sababu pengo juu ya mfano halionekani kuwa pengo; huonekana kuwa uzembe. Nilimpa kanuni ya wanazuoni wenyewe, kwamba riwaya dhaifu waliipokea wengi wao, an-Nawawi akiwamo, katika fadhila na mawaidha, na wakaikataa katika halali na haramu. Rangi ya mito ya viti vya abiria, ambayo mtu ataiona kwa kurunzi tu kupitia dirisha lenye upana wa punje ya mchele, na ijengwe juu ya kumbukumbu ya mzee mmoja, maadamu fundi ameandika chini ya kibao cha mfano kwamba ni kumbukumbu ya mzee mmoja. Kidato cha chini ya tumbo, ambacho bila yake chombo kisingaliinuka majini kamwe, hakijengwi juu ya kauli ya mzee mmoja, wala ya picha moja, wala ya mchoro usio na silsila. Na fundi asipopata zaidi ya hayo, na aunde eropleni nyingine.