Je, Mtumishi Aliye Nyumbani Yuko Kazini?

Mtu akilipwa mshahara kwa fedha ya umma, umma una haki ya kujua kama anafanya kazi. Haki hii haina ubishi. Ubishi huanza tunapouliza kazi hiyo ijulikane kwa alama gani. Kwa muda mrefu jibu lilikuwa jepesi: mtumishi alionekana akiingia ofisini asubuhi, akatia sahihi katika kitabu cha mahudhurio, akaketi, na jioni akatoka. Aliyeonekana alihesabiwa kuwa yuko kazini, na asiyeonekana alihesabiwa kuwa mtoro. Siku hizi serikali zenyewe zimepata kuwaambia watumishi wao wabaki majumbani na kazi iendelee. Kwa hiyo jibu lile jepesi halitoshi tena.

Machi 15, 2020, ugonjwa wa korona ulipokuwa umeingia Kenya, Rais Uhuru Kenyatta alitaka ofisi za serikali na za watu binafsi ziwaache wafanyakazi wafanyie kazi nyumbani, ila wale wa huduma za lazima. Januari 27 na 28, 2025, wakuu wa nchi za Afrika walipokutana Dar es Salaam kuzungumza juu ya nishati, watumishi wa umma wa mji ule walitakiwa kufanya vivyo hivyo. Agizo la namna hiyo lilitolewa tena kwa ajili ya Oktoba 30, 2025, siku iliyofuata Uchaguzi Mkuu wa Tanzania, wakati wa machafuko. Siku hiyo intaneti ilikuwa imezimwa nchini. Karani ambaye majalada yake yamo masijala, na ambaye barua zake husafiri kwa mtandao, alikuwa nyumbani kwa kutii amri, na mshahara wa siku ile ulikuwa halali yake. Lakini kama alifanya kazi, hakuna awezaye kusema kwa kutazama mahali alipokuwa. Utii ni jambo moja, na kazi ni jambo jingine.

Wenye shaka juu ya kazi ya namna hii wana hoja, na hoja yao haifai kudharauliwa. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Wakasema pia kwamba paka akiondoka, panya hutawala. Tena nchi yetu ina kumbukumbu chungu. Novemba 6, 2015, siku moja baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli alitoka Ikulu kwa miguu akaingia Wizara ya Fedha, akakuta viti kadhaa havina watu. Mwaka 2016 uhakiki wa watumishi ulifichua wafanyakazi hewa zaidi ya 10,000, yaani majina yaliyopokea mshahara bila ya kuwa na mtu wa kuupokea kwa haki. Mwananchi aliyesikia habari hizo, akiambiwa kwamba mtumishi yuko nyumbani anafanya kazi, ana sababu ya kutikisa kichwa.

Walakini kumbukumbu hiyo hiyo yatufundisha jambo la pili. Viti vile vilikuwa vitupu katika siku ambazo kila mtumishi alitakiwa awe ofisini. Kitabu cha mahudhurio kilikuwapo, mlango ulikuwapo, na mkubwa wa kazi alikuwapo. Nani kati yetu hajapata kuona koti limetundikwa juu ya kiti kutoa ushahidi wa uongo kwamba mwenyewe yu karibu? Basi kiti hakikutulinda. Kama kiti hakikuweza kutulinda, hatuwezi kusema kwamba kukiacha ndiyo asili ya uvivu wote.

Nchi ya Tabora, ambako njia za misafara zilikutana, ina mfano wa zamani wa kazi isiyokuwa na kiti wala mlango. Katika karne ya 19 mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kiasi cha frasila 2, akatembea miezi kati ya Unyanyembe na pwani. Alipewa posho na ujira, na kazi yake ilipimwa kwa mzigo: umefika, au haukufika. Siisifu njia ile. Wapagazi wengine walitoroka, wengi walikufa njiani, na njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa waliofungwa minyororo. Lakini yatupasa tutazame tofauti iliyokuwapo kati ya wawili hao. Mtumwa alichungwa kila hatua, na kuchungwa kwake hakukuifanya taabu yake kuwa kazi ya hiari. Mpagazi aliaminiwa mzigo, na kwa kuaminiwa aliweza kudaiwa. Kuaminiwa bila ya kudaiwa ni kuachiwa tu. Na kudaiwa bila ya kuaminiwa kunakaribia utumwa.

Sasa tuje Ntalikwa, kata mojawapo ya Manispaa ya Tabora, tuwatazame watumishi ambao kata yo yote ya wakulima huwahitaji. Bwana shamba akikaa ofisini mchana kutwa, kiti chake kimejaa na mashamba yamekosa mtu. Mkunga hawezi kuchukua uzazi wa watu akaenda nao nyumbani kwake, wala mwalimu hawezi kufundisha darasa kutoka barazani pake. Watumishi hawa hawaulizwi swali letu. Kazi yao imekwisha wachagulia mahali. Ugumu uko kwa mtendaji wa kata, na kwa wote ambao kazi yao ni karatasi na maneno.

Tuseme mkulima ametembea saa 2 kutoka shambani na fomu ya mwanawe inayohitaji sahihi na mhuri. Amekuta mlango umefungwa. Jirani wa ofisi anamwambia kwamba mtendaji yuko nyumbani, anaandika taarifa ya mwezi. Tuseme tena kwamba neno hilo ni kweli tupu: mtendaji hakulala, hakunywa, hakwenda kwenye biashara yake, ameinama juu ya taarifa tangu alfajiri. Jioni taarifa imefika manispaa, nzuri na kamili. Mkulima naye amefika nyumbani kwake, na fomu haina mhuri. Je, mtendaji alifanya kazi?

Naona kwamba alifanya nusu. Mtumishi wa serikali ana wadai wawili: yuko mkubwa aliye juu yake, na yuko mwananchi ambaye serikali imewekwa kwa ajili yake. Simu na kompyuta zimefungua njia pana ya kumlipa mdai wa kwanza kutoka po pote. Mdai wa pili aghalabu ana miguu yake na mlango wa ofisi tu. Hatari ya kazi ya nyumbani, kwa hiyo, haimo katika uvivu peke yake. Hata mchapa kazi anaweza kumlipa mwenye nguvu deni lake lote, akamsahau mnyonge, na asione kosa lo lote, kwa kuwa aliyedhulumiwa hakupata mahali pa kubisha hodi.

Mtu atanijibu kwamba ofisi zimejaa watumishi wanaomwambia mkulima, "Njoo kesho." Ni kweli, nami nakubali. Asemaye njoo kesho bila sababu hayuko kazini, japo amekaa mbele ya macho yetu. Serikali ya Tanzania imeacha mfumo wa kupima watumishi wa OPRAS, ulioanza mwaka 2004, ikaleta PEPMIS, ambamo mtumishi huandika majukumu yake kwa kompyuta na msimamizi wake huyapima. Ni hatua njema, maana mzigo watajwa kabla ya safari. Lakini kipimo cho chote kilicho kati ya mtumishi na mkubwa wake humwacha nje shahidi wa tatu, yule aliyerudi na fomu mkononi.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 25, yaihesabu kazi kuwa kipimo cha utu. Kama ni kipimo cha utu, basi si haki kipimo hicho kishikwe na ukuta wa ofisi. Jibu langu ni hili: mtumishi aliye nyumbani yuko kazini ikiwa mzigo wake wajulikana, na ikiwa kila anayemdai, mkubwa na mdogo, ana njia ya kumfikia siku ile ile. Likikosekana la kwanza, hatuna la kumdai. Likikosekana la pili, anafanya kazi ya serikali isiyokuwa na watu.

Wengi wanaosoma kurasa hizi watakuwa watumishi wa umma kesho, na baadhi yao watapewa ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani. Hakuna msimamizi atakayeweza kukaa nao barazani. Siku hiyo jioni, kabla ya kufunga kompyuta zao, wajiulize juu ya mkulima wa Ntalikwa: je, fomu ya mwanawe imepata mhuri?